Kaunta Isiyosema

Jina lake silitaji, wala la baa aliyofanyia kazi, na mambo mawili matatu nimeyageuza makusudi. Mgeni anayepotea Kariakoo na mzigo kichwani anaiona kubwa, lakini sisi tunaokula humo tunajua ni ndogo mno. Ukisema neno asubuhi Mtaa wa Msimbazi, saa saba mchana unasimuliwa wewe mwenyewe Gerezani, tena limeongezwa chumvi. Basi nitamwita tulivyomwita wote, Mama Kaunta. Alizaliwa wapi, kabila gani, mtoto wa nani, sijui. Wengine walisema mtu wa kusini, wa Masasi huko, wengine wakabisha. Mimi sikuuliza, na hata ningeuliza angenirudishia swali lile lile, nikajikuta namweleza habari za bibi yangu.

Mimi ni fundi friji. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba nikimsifu mtu wa kaunta simsifu kama mnywaji aliyechangamka. Baa za mji huu nimeziingia kwa mlango wa nyuma zaidi ya miaka ishirini, saa nne asubuhi, viti bado vimepinduliwa juu ya meza na sakafu inanuka dawa. Saa hizo hakuna muziki wa kukudanganya. Ukitaka kumjua mtu wa kaunta, usitazame meno anavyocheka, fungua friji lake. Nimekuta friji lina viatu vya mhudumu. Nimekuta dagaa wa mtu wamelazwa juu ya bia, na chupa za mwezi uliopita zimesukumwa nyuma kabisa gizani, halafu bosi ananiuliza mimi kwa nini wateja wanalalamika. Jamani!

Friji la Mama Kaunta ungeweza kulifundishia darasa. Chupa za jana mbele, za leo nyuma, lebo zote zinakutazama, na katikati ameacha nafasi baridi ipite. Nani alimfundisha kwamba baridi inahitaji njia? Wapo mafundi wenye vyeti hawalijui hilo. Aligusa shingo ya chupa kwa mgongo wa kidole, basi, ameshajua. Siku moja akanipigia simu: "Fundi, njoo, friji la pili linakohoa."

"Limezima?"

"Halijazima. Nimekwambia linakohoa."

Nilikwenda nikicheka, nikakuta kweli kompresa, moyo wa friji, iko njiani kufa. Nisingefika siku ile ingekufa Jumamosi, siku ya mechi, na baa nzima ingekunywa bia za moto na kushushia kwa matusi.

Baa nyingine, mteja hajavuta kiti wahudumu wameshamsimamia kichwani: kaka nikupe nini, kaka baridi au moto? Mama Kaunta aliwazuia wasichana wake. "Mwacheni akae kwanza. Mtu hajui anataka nini mpaka makalio yatulie." Yeye alianza kumtazama mteja tangu mlangoni. Aliyeingia kwa haraka akachagua kiti cha pembeni hakusemeshwa zaidi ya salamu. Aliyezungusha macho akitafuta watu alitupiwa neno: "Wenzako wa vitenge wametoka sasa hivi, wanarudi." Mzee akiingia, shikamoo ilitangulia kinywaji, na aliitoa akiwa amesimama wima, si huku anafuta glasi. Nilimuuliza anajuaje nani anataka nini. "Sijui chochote, fundi," akasema. "Natazama tu."

Chupa aliifungua mbele ya macho yako, si chini ya kaunta, na kizibo akakiacha kando yake uone ni cha hiyo hiyo. Glasi aliiinua kwenye mwanga wa dirisha kila mara, hata ile aliyoiosha dakika hiyo hiyo kwa mikono yake. Mwanamke akiinuka kwenda msalani, Mama Kaunta alichukua kinywaji chake akakiweka upande wake wa kaunta, akakifunika kwa kisahani, na hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kupitisha hata kiganja hapo juu. Jamaa mmoja alijifanya anamchukulia mwenzake.

"Atakuja kuchukua mwenyewe," akaambiwa. "Ana mikono."

Jamaa akapandisha sauti, oo mimi mteja wa siku nyingi, oo unanidhania nini. Mama Kaunta alifuta kaunta mbele yake, taratibu, mpaka jamaa mwenyewe akaona aibu akakaa. Ndiyo maana wanawake wa maduka ya nguo walikuwa wakifunga tu wanakuja pale, wawili watatu, wanakunywa chao na kucheka kwa sauti. Baa za jirani ulikuwa huwaoni.

Lakini kuna jambo lake moja lililoniudhi mpaka kesho. Mtu akizidiwa, Mama Kaunta hakumwambia amelewa. Mwambie mlevi amelewa uone vita! Yeye alisema, kwa huruma kabisa, "Kaka yangu, friji limekata baridi. Zilizobaki zote za moto. Ngoja nikuletee supu wakati zinapoa." Mlevi anangoja, anakunywa supu, anasinzia, au anakumbuka kwao. Safi sana. Sasa jina linalochafuka ni la nani? Langu! Watu wananisimamisha barabarani: "We fundi gani, friji la pale kila siku linakata baridi?" Nikaenda kumchana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Fundi, mlevi hawezi kugombana na friji. Na mimi anaweza. Vumilia kidogo." Nikavumilia, ningefanyaje.

Msidhani alikuwa malaika. Humo ndani ya kaunta alikuwa mpole, lakini nje, mtihani. Kwenda naye sokoni kununua ndimu ni kutafuta aibu. "Hizi ndimu au gololi?" anauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye nyanya. Wauza ndimu wakimwona kwa mbali walijifanya wamesinzia. Pombe hakuinywa. Chini ya kaunta alikuwa na chupa yake ya chai ya tangawizi, na ukimpa ofa alishukuru, akajimiminia chai kwenye glasi, mkagonga. Jumapili asubuhi aliimba kwaya, safu ya mbele, jioni anapanga kreti. Mchungaji wake aliwahi kumwuliza haoni vibaya? Alitusimulia mwenyewe alivyomjibu: "Mchungaji, wewe unakuwa nao Jumapili. Siku sita zilizobaki wanakuwa kwangu. Ungependa wawe kwa nani?" Sijui mchungaji alisema nini, ila kwenye kwaya alibaki.

Meza yetu, maana jioni kazi ikiisha nami nilikuwa mteja pale, ilikuwa ile ya karibu na dirisha. Mkubwa wetu pale alikuwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la spea za friji, ambako miaka yote nilinunua gesi na nyaya zangu. Mzee wa Spea hakugusa pombe maishani mwake. Alikuja saa kumi na moja jioni, kila siku ya kazi, kunywa soda yenye ndimu. Tukimtania anafuata nini baa, anasema, "Dukani wote wanasema. Nyumbani wote wanasema. Hapa huyu mama hasemi, nami napumzika."

Na kweli, hilo ndilo lililotufanya tupite baa tatu nzima kwenda kwake. Watu walimwaga pale kila kitu. Biashara inayokufa, nyumba ya pili iliyofichwa, mtoto anayefanana na jirani, vyote viliingia kwenye kaunta ile na havikutoka. Mke akipiga simu kuuliza mumewe, jibu lilikuwa moja: "Mama, hapa tunauza vinywaji, watu hatuhifadhi." Mume akimuulizia mkewe, jibu ni hilo hilo. Hata bosi mwenye baa alipotaka kujua nani anamsema vibaya, Mama Kaunta alimuuliza kama angependa supu. Sijawahi kuona mtu aliyejua mengi kiasi kile akayakalia kimya.

Sasa nifike kwenye ubaya wangu mimi.

Bati la friji lilinidondokea mguuni. Nilikuwa nimevaa ndala, maana sisi mafundi wa Kariakoo tunaona viatu vya kufunika ni vya watu wa maofisini. Kidonda hakikuwa kikubwa, lakini kilikataa kufunga. Wiki mbili, wiki nne, kipo tu. Nilikifunga kitambaa, nyumbani nikasema ni mkwaruzo tu, nikaendelea na kazi, na jioni nikaendelea na bia. Jioni moja Mama Kaunta aliniinamia, sauti ya chini, hata jirani yangu hakusikia.

"Fundi, siku hizi mbona unaomba maji kabla ya bia, na katikati ya bia, na baada ya bia?"

"Joto."

"Joto hili la wote, mbona wenzako hawaombi? Na msalani huachi kwenda. Na kidonda hicho kina mwezi. Nenda kapime sukari."

Nilifanya nini mimi? Nilipaza sauti baa nzima isikie: "Jamani, Mama Kaunta siku hizi daktari!" Meza yote ikacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Yeye akarudi kwenye glasi zake. Kesho yake nilipoagiza, aliniambia, "Bia yako sina."

"Friji limekata baridi?" nikamkejeli.

"Friji zima. Bia yako ndiyo sina, mpaka ukapime."

Nikasusa. Nikahamia baa ya mtaa wa pili, bia zao za moto, glasi zao zina rangi ya midomo ya watu wengine, lakini hakuna aliyenitazama mguu. Nilikunywa pale wiki nzima kwa hasira.

Jumapili yake Mama Kaunta alitoka kanisani na sare yake ya kwaya, akaja moja kwa moja nyumbani kwangu Buguruni. Mimi sikuwepo. Mke wangu, Mama Neema, alinisimulia baadaye. Alikuwa anasonga ugali, akasikia hodi, akatokea na mwiko mkononi. Mwanamke asiyemjua anauliza, "Kwa fundi friji ni hapa? Mimi ni wa kaunta, pale anapokunywa." Mama Neema akaushika mwiko vizuri zaidi.

"Dada," Mama Kaunta akamwambia, "mimi mumeo simtaki. Mguu wake unaoza. Mpeleke hospitali kesho, halafu ukitaka kunigombeza njoo, nitakuwepo."

Nilipelekwa kesho yake, kwa nguvu, mke wangu ameficha funguo za begi langu la vifaa. Sukari ilikuwa juu vibaya. Kidole kimoja cha mguu kilikatwa, na daktari akatuambia bila kuzunguka kwamba tungechelewa kidogo tu, mguu wote ungekwenda. Fundi friji wa mguu mmoja, anayepanda ngazi za maghorofa na kubeba kompresa begani! Ningewalisha nini wanangu?

Mtu mwenye akili angetoka hospitali akaenda kusema asante. Mimi niliona aibu, na aibu yangu huwa inatoka kama hasira. Watu wa meza walikuja kunitazama, wakauliza mke alijuaje kidonda kimeharibika. Nikasema, "Kaunta kanichoma. Kaenda mpaka nyumbani kwangu kumwaga mambo kwa mke wangu." Habari ya sukari sikuigusa, niliona ni ugonjwa wa kuninyima uanaume. Kidole nikasema kilipondwa na kompresa. Kwa hiyo kila mmoja alisikia yake. Mwenye nyumba ya pili akawaza nyumba ya pili. Aliyemdanganya mkewe kuhusu safari akawaza safari. Nikalisema tena kwa wauza vitenge, nikalisema kwa mafundi wenzangu, nikalisema kila nilipopewa kiti.

Haikuchukua muda viti vya dirishani vikabaki vitupu. Bosi akamuuliza Mama Kaunta kama ni kweli alikwenda kwangu. Hakujibu. Akamuuliza tena, akanyamaza. Bosi akamwondoa. Nilipopeleka habari hiyo nyumbani nikijifanya nimeshinda, Mama Neema aliweka sahani chini akanitazama. "Baba Neema, yule dada umemmaliza," akasema, "na huo mguu unaotembelea ni yeye aliyekubakizia." Usiku ule sikulala, na nyingine nyingi zilizofuata.

Ulipita mwaka na kitu. Nyumba ya ile baa ilivunjwa lijengwe ghorofa, na bosi akapanga sehemu nyingine, ghorofa ya nne ya jengo jipya. Akaniita kufunga mafriji. Huku nafunga, analalamika: ameshajaribu watu watatu wa kaunta, hakuna kitu, anamtamani Mama Kaunta arudi. "Lakini wazee wa meza wamesema wazi," akaniambia. "Akirudi yule mwenye mdomo, wao hawaji."

Niliacha bisibisi, nikaenda Mchikichini. Nilikuwa nimesikia anauza kwenye grosari ndogo nyuma ya vibanda vya mitumba. Nilimkuta peke yake, meza mbili, wateja hakuna, na chupa zote zimekutazama. Nikamwomba msamaha. Nililia, sioni haya kusema. Nikamwambia nitakwenda kwa wazee niwaeleze ukweli wote, sukari, kidole, daktari, kwamba alisema ili kuniokoa.

"Usithubutu," akasema.

"Kwa nini? Si ni sifa hiyo?"

"Kwako wewe. Fundi, unadhani mteja anataka kaunta inayosema kwa sababu nzuri? Sababu nzuri kila mtu anayo. Mteja anataka kaunta isiyosema. Nilikuwa najua hilo wakati nashuka Buguruni."

"Ungejua yatakuwa hivi, ungekuja?"

Aliinama akatazama miguu yangu. "Umevaa viatu," akasema. "Vizuri." Akanipa maji, akakataa niyalipie, na hakutaka maneno mengine.

Jumapili iliyofuata, mchana, bosi aliwaalika wazee wa meza waione baa mpya. Na Mama Kaunta naye aliitwa, liishe. Mimi nilikuwa nyuma ya friji la mwisho nikikaza skrubu. Alisimama upande wa wateja, mkoba begani, kama mgeni. Mzee wa Spea ndiye aliyesema kwa niaba ya wote, kwa upole.

"Mama, sisi tunakuheshimu. Swali moja tu. Kwa mke wa fundi ulikwenda, hukwenda?"

"Mzee wangu, habari za mteja sizisemi," akajibu. "Hata zikiwa na mimi ndani."

Wakatazamana. Mmoja akatikisa kichwa. Bosi akaanza kusugua paji la uso, nikajua imekwisha, anarudi Mchikichini. Nikatoka nyuma ya friji na bisibisi mkononi.

"Hakwenda," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Nilimsingizia. Alininyima bia, nikakasirika, nikatunga. Kidonda mke wangu alikiona mwenyewe."

"Umetunga?" Mzee wa Spea akauliza polepole. "Na huyu kazi ikamtoka?"

"Ikamtoka."

"Na wewe mwaka mzima umekaa kimya?"

"Nimekaa kimya." Hilo ndilo lililoniuma, maana lilikuwa kweli.

Mzee yule hajawahi kunipandishia sauti tangu nimfahamu. Siku ile alisimama akaninyooshea kidole. "Mwanamume mzima! Dukani kwangu usije tena. Gesi yako katafute kwingine." Wengine wakaongeza yao, mnafiki, mbea, mtu hovyo kabisa. Niliyapokea yote nimesimama pale pale.

Mama Kaunta alinitazama mara moja tu. Mkono wake uliokuwa umeshika mkoba ulitulia kidogo, nikajua ameelewa ninachofanya. Kisha akauweka mkoba chini, akazunguka kaunta, akaingia upande wake.

"Fundi, friji hilo limekwisha?"

"Bado kidogo, mama."

"Litamaliziwa na mwingine," akasema, kwa sauti ile ya sokoni, kila mtu asikie. "Hapa kwangu usikanyage."

Wazee wakapiga makofi. Bosi akacheka huku anashusha pumzi. Mimi nikakusanya spana zangu, nikafunga begi, nikatoka bila kuaga. Lifti ya jengo ilikuwa haijawekwa, na ghorofa zote nne nilizishuka kwa miguu yangu miwili.